Mtu Asiye na Mshono

Kapteni Restituta Mlowe alikuwa ametahini timu za mizinga kwa miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kuona timu inayofanya kazi kimya. Watu watano wanaopakia na kufyatua mzinga hupigiana kelele. Kamanda hutaja namba, mlenga shabaha huzirudia, mpakiaji hutaja aina ya kombora, anayefunga mlango wa mzinga hupaza sauti kwamba umefungwa. Kelele hizo ndizo usalama wenyewe, kwa sababu kila neno linaporudiwa mtu mwingine hupata nafasi ya kugundua kosa. Lakini asubuhi ile, kwenye uwanja wa shabaha wa Lugombo, timu ya mzinga namba nne ilipiga makombora tisa ya mazoezi kwa dakika moja bila mtu yeyote kufungua mdomo. Kilichosikika ni viatu kwenye changarawe, chuma kikigonga chuma, na mlio wa mzinga.

Walikuwa wameshonwa. Nyuma ya sikio la kila mmoja, chini ya ngozi, ulipita uzi mwembamba kuliko unywele, na uzi huo ulizungumza na mashine iliyofungwa ubavuni mwa mzinga. Mashine ilichukua mapigo ya moyo, pumzi na umakini wa watu watano, ikatafuta kiwango cha kati, ikawarudishia wote kiwango hicho. Mmoja alipochoka, wanne walimbeba. Mmoja alipoingiwa na hofu, utulivu wa wanne ulimfikia kabla mikono yake haijaanza kutetemeka. Askari wenyewe waliuita mshono, na waliokuwa nao hawakupenda kuvuliwa.

Mlowe alisubiri kombora la kumi. Mpakiaji alipogeuka kulichukua, Mlowe alibonyeza kitufe, na sanamu ya mtu iliyojazwa mchanga, imevikwa kombati, ikateleza juu ya reli hadi nyuma ya mzinga, ndani ya mstari mwekundu. Hapo ndipo mzinga hurudi kwa nguvu kila unapofyatuliwa. Kanuni ilikuwa fupi na kila kuruta aliijua: ukiona mtu ndani ya mstari unasema "simama", na kila mtu anaacha anachofanya, hata kama neno limetoka kwa mwenye cheo cha chini kuliko wote.

Mpakiaji, askari aitwaye Pendaeli Mbwambo, aligeuka na kombora mikononi akakutana na sanamu ile uso kwa uso, hatua tatu mbele yake. Alisita. Mlowe alimwona akisita. Kisha akaipita, akapakia. Mzinga ulifyatuliwa, ukarudi nyuma, ukapasua kifua cha sanamu na kumwaga mchanga kwenye changarawe. Timu ikaendelea na kombora la kumi na moja.

Baada ya zoezi Mlowe aliomba rekodi ya mashine. Moyo wa Pendaeli ulikuwa umeruka kutoka mapigo tisini hadi mia na arobaini, na katika muda usiozidi sekunde moja ukateremka hadi tisini na mbili, sawasawa na wa wenzake.

Alimwita ofisini. Pendaeli alikuwa kijana wa milima ya Upare, mpole, aliyekuwa fundi wa mabomba ya maji kabla ya kuitwa jeshini vita vilipoanza. Mlowe alimuuliza aliona nini kwenye kombora la kumi, naye akajibu kwamba hakuona kitu cha ajabu. Mlowe akamwonyesha picha ya video. Pendaeli aliitazama mara mbili, na mara ya pili akasogeza kiti karibu zaidi.

"Niliona kitu, afande," alisema mwishowe. "Halafu nikaona kwamba si kitu."

"Nani alikwambia si kitu?"

"Hakuna aliyeniambia. Ilikuwa ni mimi mwenyewe, ila nilikuwa na uhakika kuliko ninavyokuwaga."

Jioni Mlowe aliandika kwamba timu namba nne haikufaulu. Sababu aliieleza kwa sentensi chache. Mshono ulitengenezwa kuondoa woga. Shaka ya askari aliyeona kosa huanza mwilini kama woga: moyo unakwenda mbio, pumzi inakatika. Mashine haikujua kutofautisha hayo mawili. Mmoja akiona hatari na wanne wasiione, mashine huhesabu wanne.

Kanali Shekiondo, mkuu wa uwanja wa Lugombo, alisoma taarifa hiyo mbele ya Mlowe akaiweka mezani taratibu. Hakuwa mtu wa kugombeza. Alikuwa amepigana kwenye mgongo wa mlima Rutete katika mwaka wa kwanza wa vita, na alimsimulia Mlowe mambo ambayo yeye alishayajua: kwamba mizinga ya adui hupiga mara saba kwa dakika, kwamba timu isiyoshonwa hupiga mara nne, na kwamba timu zisizoshonwa zilizopelekwa Rutete tangu masika zilikuwa kumi na nne, zikarudi tatu. Kwenye mahandaki ya Rutete kulikuwa na askari wa miguu elfu mbili waliosubiri mizinga sita. Kisheria hakuna mzinga unaokwenda vitani bila sahihi ya mtahini.

"Sikuombi udanganye," alisema. "Watahini tena wale wa namba nne, kwa makombora halisi. Ukiona hatari, una swichi. Wakifaulu, utie sahihi."

Mlowe alikubali. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini alikubali, na jibu la kweli ni kwamba alitaka ithibitike kuwa amekosea. Alitaka timu ile ifaulu.

Mtihani ulifanyika siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, jua likiwa kali na chuma kikiwa hakishikiki bila glavu. Mlowe alisimama kwenye kibanda cha mtahini, hatua arobaini kutoka kwenye mzinga, redio upande mmoja na swichi upande mwingine. Swichi ile ilikata mshono wa wote watano kwa wakati mmoja. Fundi alikuwa amemwonya kwamba mtu anayekatwa ghafla hupigwa na kizunguzungu kwa sekunde sita au saba, hajui mikono yake iko wapi, na kwa hiyo swichi isiguswe ovyo mtu akiwa ameshika chuma.

Kamanda wa timu alikuwa Sajini Wankuru Chacha, mwanamke mrefu wa Tarime aliyeaminiwa na kila aliyefanya kazi chini yake. Kwenye mlango wa mzinga, ule mlango wa chuma wa nyuma unaofunguliwa ili kombora liingie, alikuwa Koplo Lugendo, baba wa watoto wawili, ambaye asubuhi ile alimsalimia Mlowe na kumuuliza kama mguu wake uliokuwa ukimsumbua umepona.

Makombora thelathini na moja yalitoka vizuri. La thelathini na mbili halikutoka. Wankuru alifyatua, mzinga ukagoma. Akafyatua tena, ukagoma tena.

Kanuni ya mzinga uliogoma ukiwa wa moto haina ubishi. Joto la chuma linaweza kuiwasha baruti wakati wowote, kwa hiyo timu hurudi nyuma, mdomo wa mzinga hubaki umeelekea shabaha, na hakuna anayegusa mlango mpaka dakika thelathini zipite. Wote watano waliijua. Lakini walikuwa wameingia kwenye mwendo wao, na mwendo ulisema baada ya kufyatua, fungua. Lugendo akapeleka mkono kwenye mpini wa mlango.

Mlowe aliona. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya swichi, na hakuibonyeza. Mtahini hufundishwa kutoa nafasi: ukimkatiza askari mapema hutajua kama angejirekebisha. Akasubiri mtu aseme neno. Alihesabu moja, mbili, tatu. Akamwona Pendaeli, kombora lingine likiwa kifuani, akirudi hatua moja nyuma bila sababu inayoonekana, kama mtu aliyesukumwa.

Ndipo akapiga kelele "simama" kwenye kipaza sauti na kubonyeza swichi kwa pamoja.

Mlango ulikuwa umefunguka nusu. Wote watano walipepesuka. Wankuru alianguka kwa magoti. Lugendo alibaki ameegemea mlango, mkono kwenye mpini, akitazama mbele yake kama aliyesahau alikuwa anafanya nini. Baruti iliwaka kabla hajakumbuka. Moto ulitoka nyuma kupitia mlango ule, na Mlowe alipofika, akikimbia, hakukuwa na lolote la kumfanyia Lugendo isipokuwa kumfunika.

Uchunguzi ulichukua siku nne. Swali moja halikupata jibu na halitapata. Wengine walisema Lugendo aliuawa na mshono uliompeleka kwenye mpini. Wengine walisema aliuawa na swichi, kwa kuwa mtu mwenye akili yake angeweza kuruka pembeni. Mlowe aliwaambia wachunguzi jambo ambalo hawakumuuliza, kwamba alisubiri sekunde tatu. Waliliandika, wakaendelea.

Kanali Shekiondo alimwita siku ya tano. Kutoka Rutete zilikuwa zimefika habari mbaya tena. Makao makuu yalikuwa yameandaa taarifa inayosema Koplo Lugendo alivunja kanuni kwa uzembe wake, na timu sita zilikuwa tayari kuondoka. Ilibaki sahihi ya Mlowe. Alisema hatatia sahihi taarifa hiyo. Shekiondo akamuuliza basi anataka nini, kwa sababu kukataa tu si jibu kwa watu elfu mbili walioko mahandakini. Mlowe alikuwa amelifikiria hilo siku zote nne.

"Kila mzinga uwe na mtu mmoja asiyeshonwa," alisema. "Asipakie, asifyatue. Kazi yake ni kuangalia na kusoma. Akisema simama, mashine ifunge mzinga kwa dakika moja, watake wasitake."

"Dakika moja Rutete ni ndefu sana, Kapteni."

"Najua."

Kanali alitazama dirishani ambako malori yalikuwa yakipakiwa. Kisha akakubali, kwa sharti kwamba Mlowe achague watu hao sita mwenyewe.

Wa kwanza aliyemchagua ni Pendaeli. Mwili wake ulikuwa umekataa kabla ya kila mtu, na Mlowe hakuwa na kipimo kingine bora kuliko hicho. Uzi ulipotolewa, Pendaeli alikaa siku tatu hali chakula. Alimweleza Mlowe kwamba hakuna maumivu, ila ni kama kuhamia nyumba ambayo majirani wake wote wamekufa. Wenzake wa namba nne walimwonea huruma mwanzoni. Baada ya wiki walianza kumkwepa. Wao wanne, akiwemo koplo mpya aliyeletwa kushika mlango, walikula pamoja bila kusemeshana, wakicheka kwa wakati mmoja kwa mambo yasiyotamkwa, naye akakaa mwisho wa meza na sahani yake.

Mlowe alimfundisha kwa wiki mbili. Alimpa karatasi za amri za kupiga, zenye mistari kumi na miwili: mahali pa shabaha, umbali, aina ya kombora, kiasi cha baruti, na mwishoni mistari mitatu inayoonyesha doria za upande wao ziko wapi. Alificha makosa humo, naye akayapata karibu yote. Alimfundisha kutamka neno lake kwa sauti isiyotetemeka. Siku ya kuondoka Pendaeli alimuuliza swali moja tu: itakuwaje akisimamisha halafu iwe amekosea? Mlowe alimwambia kwamba kosa la kusimamisha ni dogo kuliko kosa la kutosimamisha. Aliamini hivyo alipokuwa akisema.

Siku ya arobaini na moja vitani, saa tisa alasiri, mzinga namba nne ulipewa amri ya kupiga bonde lililoko chini ya mahandaki. Pendaeli alisoma karatasi akaona kwamba mstari wa kumi na moja unaitaja doria ya watu wanane ndani ya bonde hilohilo. Akasema simama. Mzinga ukafungwa. Katika dakika ile adui walivuka bonde wakaingia kwenye handaki la kwanza. Walipofukuzwa, handakini walikuwa wamekufa askari kumi na tisa wa upande wao. Doria ile ya watu wanane ilikuwa imeshatoka bondeni saa moja kabla, salama, na mtu wa mawasiliano alikuwa hajabadilisha mstari.

Mlowe alitumwa Rutete kumtahini Pendaeli kuhusu tukio hilo. Sajini Wankuru alimpokea kwa heshima, akampa kiti na chai, akamwambia bila kuzunguka kwamba anaomba nafasi ya asiyeshonwa iondolewe. Hakuwa na chuki. Alisema yeye na wenzake watatu walihisi dakika ile yote, mikono yao iko kwenye chuma kilichofungwa na redio inalia, na kwamba hakuna mashine iliyoweza kuwatuliza kwa sababu hakukuwa hata na mmoja kati yao aliyekuwa mtulivu.

Pendaeli alikuwa amekaa nyuma ya mifuko ya mchanga. Alikuwa amekonda. Alisimama, akapiga saluti, na kabla hajaulizwa akasema kwamba anataka kurudishiwa mshono.

"Hutaki tena kazi hii?" Mlowe alimuuliza.

"Nataka kubeba na wenzangu, afande. Wale watu ni kumi na tisa. Humo ndani tungegawana watano. Huku nje ninao peke yangu wote."

Mlowe alikaa chini karibu naye. Alikuwa na uwezo wa kumrudishia. Ilihitajika sahihi yake tu. Lakini mzinga ungehitaji mtu mwingine wa kuvuliwa, na mtu huyo angekaa hapo hapo kwenye mifuko ya mchanga baada ya muda. Alimweleza hivyo. Alimweleza pia habari ya zile sekunde tatu, ambazo hakuwa amemwambia mtu yeyote nje ya chumba cha uchunguzi, na kwamba anamwona Lugendo ameegemea mlango kila anapofumba macho.

Kisha Mlowe akafungua fomu. Swali la mtihani halikuwa nini kilitokea. Lilikuwa je, kwa alichokijua wakati ule, askari alitenda sawasawa? Karatasi ilisema kuna watu wanane bondeni. Hakuwa na njia ya kujua vinginevyo. Akaandika: amefaulu, anaendelea na nafasi yake. Akatia sahihi, akampa asome.

Pendaeli aliisoma akamrudishia. "Asante, afande," alisema, kama mtu anayeshukuru kwa kupewa mzigo.

Amri mpya iliingia kabla hawajanyanyuka. Wankuru na wenzake walikwenda kwenye nafasi zao bila neno. Pendaeli alisimama hatua mbili nje yao, akapokea karatasi, akaanza kusoma huku kidole kikiteremka mstari kwa mstari. Wote wanne walikuwa wamegeuza nyuso zao kumtazama, kwa pamoja. Kidole kilifika mstari wa tisa.

"Endelea," alisema.

Mzinga ulilia. Mlowe aliinyakua karatasi mkononi mwake akasoma mistari mitatu iliyobaki. Haikuwa na kosa. Hakukuwa na doria yoyote karibu. Pendaeli hakumtazama. Alijua kwamba ameonekana akiiruka mistari hiyo, na midomo yake ilikuwa imepauka. Mlowe alishika fomu yenye sahihi yake na hakujua aifanye nini. Kuichana kungemwondoa kijana huyu na kumleta mwingine ambaye angejifunza kuogopa dakika moja kama alivyojifunza yeye.

Gari la kumrudisha Lugombo lilikuwa linamsubiri. Alimwambia dereva aende peke yake, akamtumia Kanali ujumbe kwamba atabaki mpaka atakapoitwa kwa amri. Akarudi, akasimama pale nje ya wale wanne, bega kwa bega na Pendaeli.

Amri iliyofuata ilifika baada ya robo saa. Pendaeli aliipokea kwa mikono miwili.

"Soma kwa sauti," Mlowe alimwambia. "Mpaka mwisho. Nami nasoma na wewe."

Akaanza kusoma. Sauti yake ilitetemeka kwenye mstari wa kwanza, ikatengemaa kwenye wa tano. Wankuru aliwatazama, mkono kwenye kamba ya kufyatulia. Kwenye redio mtu wa handakini alikuwa akiomba wafanye haraka, akirudia jina la mzinga wao tena na tena. Mstari wa kumi. Wa kumi na moja. Pendaeli alinyanyua macho kidogo kuelekea redio, Mlowe akaweka kidole juu ya mstari wa kumi na mbili, na wakausoma wote wawili.